Abebe Bikila: Mkimbiaji Aliyemaliza Mbio Akiwa Ameketi



Wiki hii nataka niwasimulie maisha ya mtu ambaye Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, askari, baba wa watoto wanne, na mkimbiaji wa masafa marefu. Jina lake Abebe Bikila. Wengi wetu tunamjua kwa jambo moja tu: ndiye yule aliyekimbia marathoni peku. Ni kweli. Lakini mimi ninayekimbia vikilomita vyangu alfajiri kabla ya kuwahi daladala, kinachonigusa zaidi ni yale yaliyomkuta baadaye.

Kijana wa Jato

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, mkoa wa Shewa. Kama watoto wengi wa kule, alikua akichunga mifugo. Alikuwa na miaka mitatu tu Italia ilipoivamia nchi yake mwaka 1935. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Alipokuwa kijana alikwenda Addis Ababa akaingia katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko alikokutana na Onni Niskanen, Mswidi aliyekuwa akiwafundisha askari mazoezi ya viungo. Niskanen akamwona, akamshika mkono, na kazi ikaanza. Tusidhani alikuwa mwanamichezo wa kulipwa kama wa siku hizi. Alikuwa askari mwenye majukumu ya kiaskari, na mwaka huohuo wa 1960 alikuwa ameoa. Kukimbia kulikuja juu ya kazi na nyumba. Sisi tunaosema hatuna muda, wa kusali wala wa mazoezi, hapo tunaweza kutafakari kidogo.

Usiku wa Roma

Tarehe 10 Septemba 1960, marathoni ya Olimpiki ilianza jioni katika jiji la Roma. Viatu vipya alivyojaribu Abebe havikumkaa vizuri mguuni. Basi akaamua kukimbia peku, kama alivyozoea kwenye mazoezi. Hebu fikiria: kilomita 42 na mita 195, nyingine kwenye mawe ya barabara za kale!

Sehemu ya mwisho ya njia ilipita katika Barabara ya Appia. Ndugu zangu, hiyo ndiyo barabara aliyoingilia Mtakatifu Paulo Roma akiwa mfungwa, kama tunavyosoma mwishoni mwa Matendo ya Mitume. Paulo huyohuyo ndiye aliyependa kuufananisha Ukristo na mbio. Na katika barabara hiyohiyo, mapokeo yanasimulia kwamba Petro, akiukimbia mji, alikutana na Bwana akielekea alikotoka yeye. Akageuka, akarudi.

Giza liliingia. Askari walisimama kando ya njia wakishika mienge ili wakimbiaji waone. Mbele walikuwa wamebaki wawili, Abebe na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Zikiwa zimebaki kilomita chache sana, walifika mahali uliposimama mnara wa mawe wa Aksum, ambao utawala wa Mussolini uliutoa Ethiopia mwaka 1937 na kuupeleka Roma kama nyara. Hapo ndipo Abebe alipoongeza kasi, kama alivyopanga. Akamaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake. Mtoto wa nchi iliyovamiwa alishinda katikati ya jiji la wavamizi bila kumtukana mtu. Na mnara wenyewe? Ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Vikwazo vya njiani

Msidhani baada ya Roma kila kitu kilikuwa mteremko. Mwaka 1963 alikwenda Boston, akamaliza wa tano. Akarudi kazini, akarudi mazoezini. Mwaka 1964, wiki kama tano hivi kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alishikwa na maumivu makali. Kumbe ni kidole tumbo! Akafanyiwa upasuaji. Mtu wa kawaida angesema basi, mwaka huu umepita. Yeye alianza kutembea taratibu, kisha akakimbia taratibu, na tarehe 21 Oktoba alikuwa kwenye mstari wa kuanzia. Safari hii alivaa viatu. Alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Alipovuka mstari alikwenda kwenye nyasi akanyoosha viungo, na aliyemfuata alifika zaidi ya dakika nne baadaye.

Mexico mwaka 1968 mambo yalikuwa mengine. Alikwenda akiwa na jeraha la mguu, na baada ya kilomita kama 17 akalazimika kutoka. Lakini Mamo Wolde, Mwethiopia mwenzake, aliendelea na kushinda. Hivyo medali ya dhahabu ilirudi Addis Ababa kwa mara ya tatu mfululizo, shingoni mwa mwingine.

Gari lilipopinduka

Miezi michache baadaye, Machi 1969, gari dogo alilokuwa akiendesha Abebe lilipinduka. Alikuwa na miaka 36. Miguu iliyokanyaga mawe ya Roma ikapooza, na mwanzoni hata mikono haikufanya kazi.

Naomba nisimame hapa kidogo. Ninapoandika haya, goti langu lina miezi miwili limenikataza kukimbia. Daktari anasema subira. Ni jambo dogo, najua. Natembea, nakwenda kazini, napanda ngazi za kwaya. Lakini hata kwa kidogo hicho nimejiuliza: mimi ni nani nisipokimbia? Swali hilo kila mmoja wetu analo kwa namna yake. Yuko aliyefeli mtihani wakati wote walimwita kichwa. Yuko aliyeachishwa kazi, na yuko aliyepoteza sauti ya kuimba. Kitu tulichodhani ndicho sisi wenyewe kikiondolewa, kinabaki nini?

Abebe alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville. Hapo daktari Ludwig Guttmann alikuwa ameanzisha michezo ya watu wanaotumia viti vya magurudumu tangu mwaka 1948. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mwaka 1960, siku nane tu baada ya Abebe kushinda peku Roma, michezo hiyo ilifunguliwa katika jiji hilohilo. Hiyo ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza, na Papa Yohane XXIII aliwapokea wanamichezo wake Vatikani. Wakati Abebe anasherehekea miguu yake, mlango ambao angeuhitaji miaka tisa baadaye ulikuwa tayari umefunguliwa, palepale aliposimama.

Mikono ilirudi, miguu haikurudi. Basi akatumia mikono. Mwaka 1970 alishiriki michezo ya Stoke Mandeville, kulenga shabaha kwa upinde na tenisi ya mezani. Mwaka 1971 alialikwa kama mgeni katika michezo ya walemavu huko Norway, lakini mgeni hakukubali kukaa jukwaani: akashindana, na akawashinda wote katika mbio za sleji za kuvutwa na mbwa juu ya theluji. Mwethiopia! Mwaka 1972 alikuwa Munich, mgeni wa heshima wa Olimpiki, akiwa kwenye kiti chake.

Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kuhusu ajali, alieleza kuwa ushindi wake aliupokea kama mapenzi ya Mungu, na ajali nayo hakuwa na budi kuipokea hivyohivyo. Sitaki tuyapite haraka maneno hayo kana kwamba ni rahisi. Ayubu alisema yanayofanana na hayo, kisha akalia sura nyingi. Kupokea si kutoumia. Abebe aliupokea msalaba wake, halafu akauliza mikono yake inaweza kufanya nini.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 41. Mfalme alihudhuria mazishi pamoja na umati mkubwa, na akatangaza siku ya maombolezo. Amezikwa Addis Ababa, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, mwenzake katika kazi za mikono na ukimya.

Tufanye nini wiki hii?

Chukua karatasi, andika kitu kimoja ulichonacho leo ambacho ukinyang'anywa utaona umekwisha. Kipeleke kwenye Misa ya Jumapili, na wakati wa kutolea vipaji kiweke moyoni pale altareni. Kisha mtafute mtu mmoja katika jumuiya yako ambaye maradhi au ajali imemfungia ndani. Usiende kumhurumia. Nenda ukae naye, mcheze hata drafti, umuulize anaweza kutufundisha nini.

Tusali: Ee Bwana, tunakushukuru kwa miguu inayokimbia na kwa siku ambazo haikimbii. Tusiwe watu wa medali tu. Utakapotuondolea tulichokipenda, tuonyeshe mlango uliotufungulia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.