Imam Ghazali hakuikimbia falsafa

Kila ninaposema barazani kwamba wanafunzi wetu wa dini wasomeshwe mantiki na falsafa, hakosi mtu wa kunikumbusha kwamba Imam Ghazali aliwavunja wanafalsafa. Ni kweli aliwavunja. Lakini tutazame aliwavunja vipi.

Abu Hamid Ghazali alizaliwa mwaka 1058 huko Tus, Uajemi. Babake, msokota sufi, alifariki akamwachia rafiki yake wasia wa kuwasomesha wanawe wawili. Pesa zilipokwisha, watoto wakaingia madrasa ambako mwanafunzi hupewa chakula. Baadaye alisoma Nishapur kwa Imam Juwayni, na mwaka 1091 Waziri Nizam al-Mulk akamteua kusomesha katika madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad.

Hapo alikuwa na wanafunzi wapatao 300. Hata hivyo, kila alipopata nafasi alisoma vitabu vya wanafalsafa, peke yake, bila mwalimu. Alisoma kwa karibu miaka 2, kisha akakaa karibu mwaka mzima akiyapima aliyoyasoma. Ndipo akaandika Tahafut al-Falasifa, akawajibu katika masuala 20. Na hata hapo alipambanua: matatu tu ndiyo aliyoyahesabu kuwa ukafiri. Hisabati na mantiki hakuzikataa. Aliona kwamba anayezipinga kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe.

Mwaka 1095 ulimi ukamfunga, akashindwa kusomesha. Akaacha cheo, akaenda Sham, Quds na Makka. Katika miaka hiyo ya upweke aliandika Ihya. Aliporudi kusomesha Nishapur, akaandika al-Mustasfa, kitabu cha usuli wa fiqhi, na akakifungua kwa utangulizi wa mantiki. Alifariki Tus mwaka 1111.

Wengi wetu hapa Pwani tu Mashafi kama yeye, na Ihya twaienzi. Lakini nimewaona vijana waliokuja na swali zito, kuhusu qadari au kuwako kwa Mungu, wakaambiwa wanyamaze. Baadhi yao hawakurudi tena darasani. Swali halikufa, walikwenda nalo kwenye simu zao, wakajibiwa na wasiowajua.

Kwa hiyo anayemtaja Ghazali ili kufunga mlango wa falsafa, namuomba amfuate mpaka mwisho: asome kwanza, aelewe, apime, kisha akatae la kukatawa. Mwalimu asiyelijua swali atalijibuje?