Mbawakawa Gerezani

Pierre André Latreille alizaliwa Ufaransa mwaka 1762, akawa kasisi aliyependa kuchunguza wadudu. Wakati wa Mapinduzi alifungwa gerezani Bordeaux kwa kutokula kiapo kilichodaiwa na serikali. Daktari aliyekuja kukagua wafungwa alimkuta akimtazama mbawakawa mdogo sakafuni. Latreille alimweleza kwamba mdudu huyo ni wa nadra. Daktari akampeleka kwa kijana mpenda viumbe, Bory de Saint-Vincent, naye akamtetea kasisi hadi akafunguliwa. Wafungwa wenzake wengi walikufa. Mwaka 1796 Latreille alitoa kitabu kilichopanga wadudu katika familia zao.

Mungu asiyemsahau shomoro (Luka 12:6) aweza kumtumia hata mbawakawa. Je, ni jambo gani dogo unalolidharau leo?