TINGATINGA NA MACHO YETU

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hupita Kibamba. Huko, kama katika vitongoji vingine vya pembezoni mwa jiji, bado huonekana vibao vilivyochorwa kwa mkono: kichwa kilichonyolewa mlangoni mwa kinyozi, sahani ya wali na kuku ukutani mwa mgahawa. Twavipita bila kuuliza aliyevichora ni nani. Marehemu Edward Saidi Tingatinga naye alikuwa mtu wa kupitwa hivyo hivyo, na leo sehemu kubwa ya ulimwengu huitazama nchi yetu kwa macho yake.

Alizaliwa wilayani Tunduru karibu na mwaka 1932, mtoto wa wakulima. Kama vijana wengi wa kusini wa zama zile, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya katani, kisha akaingia Dar es Salaam, akatumikia nyumba za wageni na kushika vibarua vya kila namna. Jina lake, ambalo kwa Waswahili wengi ni trekta, halikujulikana nje ya mtaa wake.

Mnamo mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakupita chuo cha sanaa, wala hakuwa na kitambaa na rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa dari na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Juu ya rangi moja tupu aliweka mnyama mmoja au ndege mmoja, mkubwa, mwenye madoa na macho makali. Hakufuata kivuli wala umbali kama ifanyavyo kamera. Alimchora mnyama jinsi akumbukwavyo na mtu aliyesimuliwa habari zake utotoni. Picha aliziuza Oysterbay, karibu na duka walikonunua wageni, na kazi akawafundisha vijana wachache, baadhi yao jamaa zake.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku jijini, wakimdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakuacha brashi, na mwaka 1990 wachoraji wa mkondo wake waliunda chama chao cha ushirika.

Sisi twaona funzo katika maisha haya. Unguja na Pemba hakuna tembo wala simba wa porini, lakini maduka ya Mji Mkongwe yamejaa tembo na simba wa Tingatinga. Mgeni ashukaye bandarini na kamera yake amekwisha fundishwa na picha cha kutafuta. Humpita mama avunaye mwani Paje, akapiga picha ya kile alichokwisha kukiona kwao. Kamera haichagui, huelekezwa na jicho, na jicho nalo lina mwalimu wake. Kosa si la marehemu. Kosa ni letu tuliowaachia wanunuzi peke yao waamue picha ya nchi yetu iweje.

Kwa hiyo ni wajibu wa viongozi kuhakikisha kwamba somo la kuchora halifanywi la kujazia ratiba shuleni, kwamba haki ya mchoraji inalindwa, na kwamba kuta za ofisi za umma zinapambwa kwa kazi za wananchi, jina la msanii likiandikwa chini yake. Mtoto wa Makunduchi au Micheweni achore ngalawa na mkarafuu aujuao, nasi tujifunze kujiona.

Kwa watumishi wa serikali tunaongeza neno moja. Usiku ule wa mwaka 1972 mbele ya bunduki alikuwapo msanii, lakini macho yaliyomtazama yalimwona mhalifu. Kila siku mwananchi asiye na cheo husimama mbele ya meza ya ofisi akisubiri kutazamwa. Na atazamwe vema kabla ya kuhukumiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.