Jim Thorpe na mji wa makaa unaobeba jina lake



Kuko mji mmoja wa makaa ya mawe kule Pennsylvania, Marekani, unaoitwa Jim Thorpe. Hapana jina la mlima wala la mto. Ni jina la mchezaji ambaye hakuzaliwa pale, hakutumika pale, amezikwa tu pale. Leo tunaleta maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wetu wanapenda mpira, na ndani ya maisha haya kuko somo la namna ekipe ndogo inaweza kusimamisha ekipe yenye nguvu. Ya pili, sisi wa sendika tunaona humo mambo tunayoyajua vizuri: karatasi, siku za kupeleka malalamiko, na mtu anayekosa mwenzake wa kusimama naye.

Jim Thorpe alizaliwa karibu mwaka 1887, katika inchi ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Alikuwa wa taifa la Sac and Fox, wenyeji wa Marekani, wale ambao wazungu waliwaita Wahindi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Wa-Tho-Huk, maana yake ni njia yenye mwangaza. Alikuwa na pacha wake, Charlie, lakini huyo alikufa angali mtoto. Mama alikufa, na baba naye akafuata. Jim akabaki yatima angali kijana.

Mwaka 1904 alifika kwenye masomo ya Carlisle, Pennsylvania. Tuseme vile iko: Carlisle haikujengwa juu ya mpira. Ilifunguliwa mwaka 1879, ndani ya kambi ya zamani ya waaskari, na mkubwa wa jeshi aliyeitwa Richard Henry Pratt. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watoto wa wenyeji katika desturi za wazazi wao. Walikatwa nywele, walikatazwa kusema luga yao, walipewa majina mapya. Tena walitumwa kutumika kwenye mashamba ya wazungu kwa malipo madogo sana. Jim naye alipitia kazi ile.

Mwaka 1907, antrenere wa Carlisle, Glenn Warner, alipata habari kwamba Jim aliruka juu kuliko wanariadha wote, na nguo za kazi mwilini. Akamuingiza katika mbio na kuruka. Lakini Jim alitaka mpira. Warner aliogopa ataumia, akampa bale ili wengine wajifunze kumuangusha tu. Inasemekana Jim alipita katikati yao wote mpaka mwisho wa kiwanja, akarudia tena, na hakuna aliyeweza kumshika. Toka siku ile akawa mchezaji wa ekipe.

Mpira tunaosema hapa si ule wa Mazembe na Lupopo. Ni mpira wa Wamarekani. Bale yake ni ndefu kama yai, mtu anaishika mikononi na kukimbia nayo, wenzake wanamfungulia njia mbele. Wachezaji ni 11 kila upande, na wakati ule walewale walioshambulia ndio waliokinga. Sheria ya mwaka 1912 ilisema ekipe yenye bale inapewa mara nne ili isogee yadi 10, ni kama mita 9. Ikishindwa, bale inakwenda kwa wengine.

Sasa muangalie hesabu. Yule anayekinga hana lazima ya kumzuia mkimbiaji asisogee hata kidogo. Akimuachia yadi mbili mara nne, ni yadi 8 tu, na bale inarudi kwake. Kinachomuua ni ile mara moja mkimbiaji anapopasua na kwenda peke yake yadi 40. Kwa hiyo ekipe dhaifu haitafuti kushinda kila mugongano. Inakubali hasara ndogo, inakataa hasara kubwa.

Namna ya kufanya vile inajulikana tangu zamani. Kila mtu anakaa kwenye tundu lake na halihami. Makosa makubwa ya wadhaifu ni kwamba wote wanakimbilia pahali bale inaonekana, wanaacha mlango wazi nyuma. Tena, mkimbiaji anashikwa chini, miguuni, mbele hajapata mbio. Mtu wa kilo 84 kama Thorpe, akikwisha kuchukua mbio, kifua kwa kifua humuwezi. Lakini miguu ya kila mtu ni miguu. Wa kwanza anashika, wa pili anafika palepale, wa tatu naye. Na kama hamuwezi kumuangusha katikati, mumusukume pembeni, kwa sababu mstari wa kiwanja ni mkingaji wa bure. Mwisho, mupige bale mbali kwa mguu, ili akianza aanze mbali na mlango wenu.

Mwaka 1911 Carlisle ilikwenda kucheza na Harvard, chuo cha matajiri. Antrenere wa Harvard aliwaweka kwanza wachezaji wake wa akiba, akizani watatosha. Thorpe alikuwa na mguu unaouma, lakini alipiga bale mara nne katikati ya miti, kila moja pointi 3, na tena alikimbia nayo. Harvard ilipoleta wakubwa wake, saa ilikuwa imekwenda. Carlisle ilishinda 18 kwa 15.

Mwaka uliofuata Carlisle ilipata zaidi ya pointi 500 kwa msimu mmoja. Katika mwaka ule, mwezi wa Oktoba, ilikutana na chuo kidogo cha Washington and Jefferson, kutoka upande wa makaa ya mawe wa magharibi ya Pennsylvania. Hakuna aliyekitaja pamoja na Harvard. Lakini mwisho wa match ilikuwa 0 kwa 0. Ekipe iliyopasua kila mtu haikupata hata pointi moja siku ile. Wao pia hawakupata pointi, lakini walikwenda nyumbani bila kushindwa na mchezaji mkubwa kuliko wote Marekani.

Tarehe 9 Novemba 1912 ilikuwa zamu ya jeshi. Carlisle ilikwenda West Point, masomo ya waofisa. Miaka 22 tu ilikuwa imepita tangu waaskari wa Marekani walipoua wenyeji wengi, pamoja na wamama na watoto, pahali panapoitwa Wounded Knee. Vijana wa Carlisle hawakuhitaji mtu wa kuwakumbusha. Waaskari walikuwa wazito kuliko wao, na walitangulia kupata pointi 6. Lakini Warner alikuwa amepanga watu wake namna mpya, hata wale wazito hawakujua bale itatokea wapi. Kati ya waliotaka kumsimamisha Thorpe alikuwa Dwight Eisenhower, yule atakayekuwa jenerali na prezida wa Marekani. Inaelezwa kwamba yeye na mwenzake walimrukia Thorpe pamoja bila kuelewana, Thorpe akasimama gafula, wao wawili wakagongana. Kapteni wa jeshi alifukuzwa kiwanjani kwa kupiga mchezaji wa Carlisle. Match iliisha 27 kwa 6. Kwa hiyo kuwa wawili haitoshi. Wawili wasiosikilizana wanaumizana wenyewe.

Mbele ya match zile za 1912, Thorpe alikuwa amekwenda Stockholm, Sweden, kwenye michezo ya Olimpiki. Alishinda mashindano mawili makubwa: lile la michezo mitano na lile la michezo kumi. Mfalme wa Sweden mwenyewe alimpa zawadi. Aliporudi, New York ilimpokea kwa maandamano. Na wakati ule wenyeji wengi hawakuhesabiwa hata kuwa raia wa inchi yao. Sheria ya kuwapa uraia wote ilikuja mwaka 1924.

Januari 1913 gazeti moja la Massachusetts liliandika kwamba mwaka 1909 na 1910 Thorpe alicheza besiboli kule North Carolina na kulipwa makuta. Yalikuwa makuta ya chakula na chumba. Lakini sheria ya Olimpiki ilisema mchezaji asiwe amelipwa hata kidogo katika mchezo wowote. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya vilevile wakati wa likizo, ila wao walificha majina. Thorpe alitumia jina lake mwenyewe. Mjanja aliokoka, mkweli akashikwa.

Wakubwa wa riadha wa Marekani hawakumkinga. Ilitumwa barua ya kukubali kosa, yenye jina lake chini, akiomba ahurumiwe kama kijana asiyejua sheria. Warner alisema hakujua habari za yale makuta. Wengi walioandika historia yake hawamsadiki. Medali zilichukuliwa, jina likafutwa, zawadi wakapewa wale waliokuja wa pili.

Sasa musikilize vizuri, hasa nyinyi madelege. Sheria ya michezo ile ya Stockholm ilisema pia kwamba malalamiko juu ya mchezaji lazima yafike katika siku 30 baada ya michezo. Michezo iliisha mwezi wa Julai. Malalamiko yalikuja Januari, karibu miezi sita. Yalikuwa yamechelewa, yalipaswa kutupwa. Karatasi ilikuwapo, imechapwa, lakini hakuna mtu aliyeifungua na kuiweka juu ya meza. Thorpe, ambaye uwanjani alikuwa na watu kumi wa kumfungulia njia, katika ofisi alikuwa peke yake. Sisi tumeona wafanyakazi wakipoteza kazi namna hiyo: haki iko ndani ya mkataba, lakini siku ya kuitwa kwa mkubwa hakuna aliyekuja na mkataba mkononi.

Thorpe aliendelea kucheza. Alicheza besiboli ya kulipwa New York, alicheza mpira katika ekipe ya Canton, Ohio. Mwaka 1920, ekipe za kulipwa zilipojiunga pamoja, yeye ndiye aliyewekwa prezida wa kwanza wa umoja ule ambao leo unaingiza mali nyingi sana. Lakini mwili hauchezi milele. Pombe ilimsumbua, ndoa zilivunjika, makuta yakaisha. Mwaka 1931, katika mangaiko makubwa ya uchumi, alikuwa Los Angeles akichimba udongo kwa sururu na beleshi kama mfanyakazi yeyote. Mwaka 1950 wanahabari wa Marekani walimchagua kuwa mwanariadha mkubwa wa nusu ya karne. Mwaka uliofuata alipasuliwa kansa ya mdomo, na hakuwa na makuta ya kulipa. Alikufa tarehe 28 Machi 1953, katika nyumba ya magurudumu huko California.

Hapa ndipo mji wa makaa unaingia. Uliitwa Mauch Chunk. Wachimbaji wanapaswa kuujua. Tarehe 21 Juni 1877 wanaume wanne wa asili ya Ireland walinyongwa pale, na wengine sita siku ileile Pottsville, wakishitakiwa kuwa wa chama cha siri cha Molly Maguires. Ushahidi mkubwa ulitoka kwa mpelelezi aliyelipwa na mkubwa wa reli na makaa. Sisi wa Katanga, tunaokumbuka wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi kwenye kiwanja cha mpira cha Élisabethville mwezi wa Desemba 1941, tunaelewa.

Baada ya vita vya pili makaa yalipungua, mji ukaanza kufa. Watu walianza kuchanga senti tano kila juma, kila nyumba, kama likelemba, ili kutafuta kazi mpya. Mjane wa Thorpe, aliyekosa Oklahoma jengo la heshima kwa bwana yake, alisikia habari zao. Wakapatana: mji upokee maiti, ujenge kaburi, uchukue jina. Mwaka 1954 Mauch Chunk na ndugu yake ya ngambo ya mto vikaungana na kuitwa Jim Thorpe. Walitumaini opitali kubwa na nyumba ya kumbukumbu ya mpira vitakuja. Havikuja. Watalii ndio walikuja baadaye, kwa milima na nyumba za zamani.

Watoto wa kiume wa Thorpe walitaka baba arudi kwa taifa lake, azikwe kwa desturi ambayo maziko yake yalikatizwa. Walikwenda tribinali mwaka 2010. Walishinda kwanza, wakashindwa katika rufaa, na mwaka 2015 tribinali kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza. Watu wa mji walimpokea vizuri, hatuwalaumu. Lakini maiti ya baba ya mtu haiwezi kuwa kiwanda. Mji wa mgodi unaongoja mgodi ufungwe ndipo ufikirie kazi nyingine, utashika chochote kinachopita.

Kuhusu medali, zile siku 30 mwishowe zilikumbukwa. Watafiti walitoa kitabu cha sheria, na mwaka 1982 kamati ya Olimpiki ilikubali kurudisha jina. Mwaka 1983 watoto wake walipewa medali. Lakini waliandika kwamba ameshinda pamoja na wale wa pili. Ni Julai 2022 tu ndipo aliandikwa mshindi peke yake, miaka 110 baada ya Stockholm.

Basi wandugu, kila mmoja atafute karatasi ya mkataba wake juma hili. Aisome, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Ahesabu siku zilizoandikwa mle za kupeleka malalamiko. Na akiitwa ofisini, asiende peke yake.