Allidina Visram: Tajiri Aliyelea Washindani Wake

Watu wa Mombasa hulitaja jina la Allidina kila siku, kwa sababu ya shule aliyoijenga mwanawe, Abdulrasul, kwa kumbukumbu ya baba yake. Lakini mimi nikaaye Kisumu, nikilisikia jina hilo hukumbuka maduka.

Marehemu Allidina Visram alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851, katika jamaa ya Kiismailia. Alipata miaka kumi na miwili tu alipoabiri jahazi kuja Unguja. Akashika kazi Bagamoyo kwa tajiri wa misafara, Sewa Haji Paroo, akajifunza biashara ya nguo, nta na pembe za ndovu. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, mtumishi yule wa jana ndiye aliyeishika biashara ya misafara.

Reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, Allidina alifuatana nayo akifungua maduka njiani, hata ikafika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Kutoka hapo bidhaa zake zilivuka maji hadi Uganda. Maduka yalipita mia moja. Mtu mmoja hawezi kukaa katika maduka mia. Basi aliwaleta vijana kutoka kwao, akawapa mali kwa mkopo, wakauza kwa jina lake na kumpelekea hesabu.

Wengi wao walipopata mtaji kidogo waliondoka, wakafungua maduka yao wenyewe, kwa biashara ile ile na wateja wale wale. Je, tajiri hakuwa na haki ya kuwafunga kwa mkataba?

Hata angetaka, sheria isingemsaidia. Waingereza walileta huku Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ilitumika Kenya hadi mwisho wa mwaka 1960. Kifungu chake cha 27 kilibatilisha mapatano ya kumzuia mtu asifanye biashara halali. Kiliruhusu jambo moja kubwa: aliyeuza duka lake pamoja na jina lake aweza kufungwa asifungue jingine karibu na hapo. Huyo amekwisha kulipwa thamani ya wateja wake. Wakala aondokaye mikono mitupu amelipwa nini?

Swali hili halijazeeka. Hapa Mamboleo, penye njia panda ya Kakamega na Miwani, mwenye kutaka kuuza kwa jina la kampuni kubwa huletewa karatasi atie saini, na humo mara nyingine mna sharti kwamba akiacha asiuze bidhaa kama hizo. Sheria ya Kenya ya sasa haiyabatilishi masharti hayo yote. Humwachia jaji apime kazi yenyewe, muda, ukubwa wa eneo na maslahi ya umma. Kwa hiyo, ndugu msomaji, soma kabla ya kutia saini: miaka mingapi, na mpaka wapi?

Mimi naona siri za hesabu ni mali ya tajiri, lakini ujuzi ni wa aliyeutolea jasho. Lau Allidina angefungwa asiguse biashara ya misafara, asingeufikia utajiri ule.

Alifariki mwaka 1916, baada ya kuugua katika safari ya Kongo. Mwanawe akamfuata mwaka 1923, na milki ile ikasambaratika. Lakini biashara ya maduka ziwani haikufa, kwani waliokwisha kujifunza kwake walikuwa wengi.