Shaaban Robert: Karani na Kalamu Yake

Litajwapo jina la Shaaban Robert, wengi hukumbuka vitabu vya shule. Ni wachache wakumbukao kwamba mshairi huyo mashuhuri alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka 30. Kwa kuwa safu hii husomwa na watu wa visiwani na watumishi wanaowahudumia, tumeona yafaa kuyatazama maisha yake kwa upande huo.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926. Mwaka huo akaingia Idara ya Forodha, akadumu humo hadi 1944. Wazee wetu wa delta, waliopakia boriti za mikoko majahazini, waliijua vyema kazi ya makarani wa forodha. Kisha alitumikia Idara ya Wanyama, ofisi ya serikali Tanga, na mwisho Idara ya Upimaji hadi 1960. Alifariki Juni 1962, nusu mwaka tu baada ya Uhuru.

Katika utawala wa kikoloni, Mwafrika hakutarajia cheo kikubwa hata awe hodari namna gani. Angeweza kuifanya kazi yake kwa kinyongo, au kuufunga mdomo ale mshahara wake kwa amani. Yeye hakuchagua lolote kati ya hayo. Alitimiza wajibu wa ofisi, na kalamu yake akaitumia kusema kweli.

Mwaka 1951, angali mtumishi wa serikali ile ile, alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea hewani, ambamo Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Hapo ndipo ulipo werevu wake: mtawala ambaye angelalamika kwamba nchi hiyo ni yake, angekuwa amejishitaki mwenyewe.

Katika Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968 baada ya kifo chake, karani anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima kijijini. Wala hakuna aibu katika uchaguzi huo. Twajifunza kwamba heshima ya kazi haitokani na meza wala jembe, bali na moyo wa anayeifanya.

Mafundisho hayo yanatuhusu. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa barabara hangoji tena pantoni hapa Ndundu. Lakini mtu wa Salale au Mbwera angali akifuata maji. Mtumishi akichelewa saa moja kufika mezani, maji hupwa, chombo hukwama, na mwananchi hulala ugenini kwa ajili ya sahihi moja. Asiseme mtumishi huyo kwamba cheo chake ni kidogo. Cha Shaaban Robert nacho kilikuwa kidogo.

Mwananchi naye asinyamaze anapodhulumiwa, wala asitoe chochote ili kuwapita wenzake. Karama alishinda kwa sababu alizijibu shutuma kwa hoja, siku baada ya siku, bila matusi na bila woga.

Shaaban Robert hakungoja kupewa cheo ndipo awafae watu. Nasi tusingoje.