Upanga wa Kondo Isami: halisi au feki?

Umewahi kununua viatu ukiapiwa ni vya kampuni yenyewe, kisha rafiki yako akavigeuza, akaangalia soli na kuangua kicheko? Basi utamwelewa Kondo Isami wa Japani. Ila yeye ubishi wake ulihusu upanga, na uhai wake ulitegemea upanga huo.

Kondo alizaliwa 1834 katika familia ya wakulima, eneo la Tama, karibu na Edo, jiji ambalo leo unalijua kama Tokyo. Hakuzaliwa samurai. Mwalimu wa shule ya upanga alivutiwa naye, akamfanya mwanawe wa kulea, na baadaye kijana akairithi shule hiyo. Mwaka wa 1863 alienda Kyoto na kuwa kamanda wa Shinsengumi, kikosi kilichotetea utawala wa shogun.

Usiku mmoja wa Julai 1864, aliingia na watu wachache katika nyumba ya wageni ya Ikedaya kuwakabili wapinzani wa shogun. Vita vilikuwa vikali. Kuna wenzake ambao panga zao zilivunjika, nyingine zikapata mapengo. Wake ulitoka mzima. Alimwandikia baba yake mlezi kwamba huenda ni kwa sababu ulifuliwa na Kotetsu.

Hapo sasa ndipo kuna kesi. Kotetsu alikuwa mhunzi mashuhuri wa Edo katika karne ya 17, na jina lake limeghushiwa sana, hadi wanaouza panga huambiana wakiliona waanze kwa kushuku. Kuna wanaosema upanga wa Kondo ulikuwa halisi, zawadi kutoka kwa matajiri. Wengine wanakataa: ilikuwa kazi ya Kiyomaro, mhunzi hodari, kisha mjanja fulani akachonga jina la Kotetsu ili auze ghali. Hadi leo hawajakubaliana.

Wewe ukipewa majibu mawili na wataalamu wawili, usikimbilie lile tamu. Muulize kila mmoja ameona nini kwenye chuma. Mjuzi wa panga za Kijapani hutazama umbo, kisha michirizi ya chuma, kisha mstari wa mawimbi kando ya makali. Ndipo avue mpini asome sahihi. Sahihi na chuma zikipingana, chuma kinaaminiwa zaidi. Na ile kutu ya chini ya mpini haisuguliwi kamwe, maana ni ushahidi wa umri.

Mwaka wa 1868 utawala wa shogun ulianguka. Kondo alikamatwa Nagareyama akijiita Okubo Yamato. Mtu aliyewahi kuwa naye kikosini akamtazama usoni, na jina la bandia likaishia hapo. Alikatwa kichwa Itabashi, Mei mwaka huohuo.

Kwa hivyo ukiletewa kitu chenye jina kubwa, kigeuze kwanza, kama rafiki yako alivyogeuza kile kiatu.